Darasa, herufi au kinasa sauti? Njia za Thailand za kuokoa lugha ndogo, zikilinganishwa

Chakula kikikolea Bangkok, watu husema aroi. Panda treni ya usiku mpaka Chiang Mai, agiza bakuli la khao soi, na mama anayekuhudumia atataka kujua kama ni lam. Nenda kaskazini-mashariki, kwenye saladi ya papai bichi yenye pilipili ya kutoa machozi, hapo neno ni saep. Hata saladi yenyewe ina majina mawili: Bangkok huiita som tam, wenye nayo huiita tam mak hung. Kitabu cha darasa la kwanza kinajua aroi na som tam, basi.

Na hizo mbili zilizoachwa nje ya kitabu si lugha za watu wachache. Kham Mueang ya kaskazini ina wazungumzaji wapatao milioni 6. Kilao cha kaskazini-mashariki, ambacho Bangkok hupenda kukiita Kiisan ili neno Lao lisitajwe, kina watu wanaokaribia milioni 20. Kama hao wameachwa barazani, fikiria hali ya Kichong, ambacho wanaokijua vizuri ni wa kuhesabika kwa mamia, au Kimaniq cha wawindaji wapatao 300 wa misitu ya kusini. Nchi nzima ina lugha zaidi ya 70 za familia 5. Juu yao wote imekaa moja, phasa klang, lugha ya kati. Zilizobaki huitwa phasa thin, lugha za mahali.

Ulinganisho huu ni kwa mtu mwenye kazi mkononi. Wewe ambaye wazee wa kijiji, chama cha wanaukoo au kikundi cha WhatsApp wamekuuliza: tufanye nini kilugha chetu kisife? Wa kwanza kujibu akasema kifundishwe shuleni, wa pili akasema tuandike kamusi, wa tatu akasema tuwarekodi wazee kabla hawajatutoka. Thailand wamezijaribu zote tatu, na matokeo yanaonekana. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kutazama: kiti alichokalia Kithai katika hadithi hii, kwetu Tanzania kimekaliwa na Kiswahili.

Kithai kilivyopanda juu

Kwa ufupi, maana sehemu hii ndiyo inayojulikana zaidi. Sheria ya 1921 ililazimisha watoto waende shule ya msingi, na shule ilikuwa ya Kithai. Mwaka 1939 serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram ilibadili jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand, na hadi 1942 ilikuwa imetoa amri 12 za utamaduni. Mojawapo ilikataza kuwagawa raia kwa majina ya Wathai wa kaskazini, wa kusini au Wathai Waislamu. Wote waitwe Wathai. Nyingine ilimfanya kila raia awajibike kujua kusoma na kuandika Kithai. Hata sawatdi, salamu ambayo mtalii hudhani ina umri sawa na mahekalu, ilitungwa na msomi mmoja miaka ya 1930 na kupitishwa rasmi mwaka 1943.

Lakini fimbo haikutosha peke yake. Ajira ilikuwa Bangkok. Redio na televisheni zilikuwa Bangkok. Katika tamthilia, msichana wa kazi za ndani ndiye aliyepewa lafudhi ya Kiisan ili watazamaji wacheke. Mzazi aliyechekwa sokoni akarudi nyumbani na uamuzi wake kimya kimya: mwanangu asipate tabu niliyoipata. Kuanzia hapo akamsemesha mtoto kwa Kithai, hata kama Kithai chake mwenyewe kilikuwa cha kuungaunga. Lugha nyingi huko zilianza kufa jikoni, mwalimu akiwa hata hajainua fimbo.

Shule kamili: Patani

Mikoa ya kusini kabisa ya Thailand, Pattani, Yala na Narathiwat, ilikuwa ya usultani wa Kimalay ulioitwa Patani kabla ya Siam kuimeza. Mkataba wa 1909 kati ya Siam na Uingereza ndio uliokaza mpaka: Kelantan na Terengganu zikaenda kwa Waingereza, Patani ikabaki Siam. Wenyeji ni Waislamu, na wanaozungumza Kimalay cha Patani wanapita milioni 1. Mwaka 1947 Haji Sulong, mwanazuoni wa huko, alipeleka Bangkok madai 7. Miongoni mwake: Kimalay kifundishwe katika shule za msingi, na kitumike ofisini sambamba na Kithai. Alikamatwa Januari 1948. Mwaka 1954 aliitwa polisi, akaenda, na hakuonekana tena. Ndiyo maana Patani mtu akitaja suala la lugha ya kufundishia, wenzake huangalia kwanza nani amekaa meza ya jirani.

Mwaka 2004 mapigano kati ya waasi na serikali yalilipuka upya. Yameua watu zaidi ya 7,000, walimu wakiwemo, na shule za serikali zimechomwa moto kwa sababu machoni pa waasi shule ni kituo cha Kithai. Katika hali hiyo, kuanzia 2007, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mahidol wakiongozwa na mwanaisimu Suwilai Premsrirat walianzisha mpango wa lugha mbili katika shule 4: Pattani, Yala, Narathiwat na Satun.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto wa chekechea alianza na lugha aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Hadithi, kuhesabu, kusoma na kuandika, vyote kwa Kimalay cha Patani. Kithai kiliingia kwanza kwa masikio na mdomo; kalamu ilikuja baadaye, na sehemu yake ikapanuka darasa kwa darasa. Wenyeji ndio waliotunga hadithi za vitabu vikubwa vya picha, kwa hiyo mtoto alikuta humo samaki, mbuzi na bibi wanaofanana na wa kwao. Watoto hao waliwapita wenzao wa shule za kawaida, na waliwapita hata katika Kithai. Mwaka 2016 UNESCO iliupa mpango huo Tuzo ya King Sejong ya kusoma na kuandika.

Matokeo hayo humshangaza mzazi, lakini ukikaa nayo utaona hayana uchawi. Mtu hujifunza kusoma mara moja tu. Akishang'amua kwamba alama ile inabeba sauti anayoijua, lugha ya pili anaihamishia ujuzi ule ule. Anayefundishwa kusoma kwa lugha asiyoielewa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na mwalimu humwita mzito.

Sasa bei yake. Unahitaji walimu wanaokijua kilugha katika kila darasa, si mmoja wa kuazimwa. Unahitaji vitabu vya miaka kadhaa mfululizo, kwa sababu mpango unaokatika darasa la pili humwacha mtoto njia panda. Unahitaji kibali cha wizara, na kazi ngumu kuliko zote: kumweleza mzazi anayeuliza kwa nini mwanawe afundishwe lugha ambayo tayari anaijua. Na hata baada ya tuzo, shule za namna hiyo ni tone katika mikoa yenye mamia ya shule.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau wanapoinukuu Patani kama mfano: watoto walikuja darasani wakiwa tayari wanazungumza. Kama watoto wa kijiji chako hawazungumzi, usianzie hapa. Njia hii hailetei lugha wazungumzaji wapya. Huwazuia waliopo wasivuliwe lugha yao mlangoni mwa shule.

Kipindi kimoja: Chanthaburi

Upande wa pili wa nchi, karibu na Kambodia, uko mkoa wa Chanthaburi, maarufu kwa durian na kwa vito vya rubi. Katika wilaya ya Khao Khitchakut wanaishi Wachong. Zamani watu wa jamii hii walikuwa wachumaji wa iliki katika milima ya mpakani, na iliki hiyo ilikwenda kwa wafalme kama ushuru. Baadaye msitu ukageuka mashamba ya matunda, wageni wakaja kununua ardhi, ndoa zikachanganyika, na Kichong kikarudi nyuma hadi kubaki kwa wazee.

Kichong kina kitu ambacho wanaisimu husafiri mbali kukisikiliza. Irabu ile ile huweza kutamkwa kwa sauti ya kawaida, kwa koo lililobanwa, kwa pumzi nyingi, au kwa pumzi inayoishia na koo kubanwa, na maana ikabadilika kila mara. Njia nne za koo, zote zina kazi. Kithai kinatofautisha maneno kwa toni, kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo herufi zake hazikuundwa kwa ajili ya mambo hayo ya koo. Wachong na watu wa Mahidol walipokaa kutafuta tahajia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibidi waamue jinsi ya kuonyesha kwa herufi za Kithai kitu ambacho Kithai chenyewe hakikijui. Walifanikiwa, na Kichong kikaandikwa.

Kisha kikaingia shuleni. Sheria ya elimu ya 1999 ilizipa shule nafasi ya kuandaa sehemu ya mtaala kutokana na mazingira yao, na Wachong walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutumia mlango huo. Kichong kikawa somo, kipindi kimoja kati ya vingi, kikifundishwa kwa msaada wa wazee wa kijiji. Aliyelisukuma jambo hili kwa nguvu ni kiongozi wa kijijini, Chern Phanphai. Halikuletwa na profesa kutoka Bangkok.

Hapa nitasema bila kuzunguka: kipindi kimoja hakizai wazungumzaji. Mtoto hujifunza kuhesabu, majina ya wanyama, salamu na nyimbo. Akirudi nyumbani, baba na mama wanaongea Kithai, kwa hiyo maneno yale hayana pa kutumika mpaka kipindi kijacho. Ukiwauliza watoto kama hao waendeshe mazungumzo na bibi kwa dakika tano, wengi hukwama kwenye dakika ya kwanza.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kazi ya Wachong ilikuwa bure. Kabla ya kipindi kile, neno Chong lilikuwa la kuficha, kama mtu anavyoficha kandambili zilizokatika. Baada yake, likawa jina la somo kwenye ubao wa ratiba. Wazee walioitwa washamba waliingia darasani wakakaa kwenye kiti cha mwalimu. Jamii nyingine ndogo zikaja kuuliza: mlifanyaje? Kama tatizo la kwenu ni aibu, yaani vijana wanakijua kilugha lakini hawataki kusikika wakikizungumza, kipindi kimoja kinaweza kufanya kazi kubwa kwa fedha ndogo. Kama tatizo ni kwamba vijana hawakijui kabisa, kipindi kitawapa maneno ya kuimbia sherehe.

Tofauti kati ya Patani na Chanthaburi, basi, haiko kwenye wingi wa vipindi peke yake. Patani wana lugha yenye watu na shule isiyoitaka. Wachong wana shule iliyofungua mlango na lugha iliyokwisha kupoteza watoto. Kila mmoja anatamani alichonacho mwenzake.

Herufi za nani?

Hapa ndipo mikutano huvunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Mpango wa Patani ulianza kuandika Kimalay kwa herufi za Kithai. Kitaalamu sababu zilikuwa nzuri. Kimalay cha Patani hakitamkwi kama Kimalay sanifu cha Malaysia: samaki, ambaye kwa usanifu ni ikan, Patani hutamkwa kama ike; herufi za Kithai ziliweza kuzibeba sauti hizo jinsi zilivyo. Tena mtoto aliyezoea herufi hizo angevuka kwenda Kithai bila kuanza upya. Na, tuseme ukweli, afisa wa wizara alipoona herufi za Kithai alipumua.

Lakini Patani wana herufi zao, Jawi, yaani herufi za Kiarabu zilizorekebishwa kwa Kimalay, na wamezitumia kwa karne nyingi. Watoto huzisoma mwisho wa wiki katika madarasa ya tadika, pamoja na dini. Kwa wazee wengi, Kimalay kilichoandikwa kwa Kithai kilifanana na mtoto wao aliyevalishwa sare ya askari. Wakauliza kama huu ulikuwa mpango wa kuokoa Kimalay au wa kukisindikiza kistaarabu kuelekea Kithai. Kumtuliza mtu huyo kwa jedwali la matokeo ya mitihani ni kazi bure. Sisi wa pwani tunalielewa jambo hili haraka, maana Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya kuhamishiwa za Kirumi, na aliyekuwa msomi jana aliamka akiwa hajui kusoma.

Kaskazini walikwenda njia tofauti. Kham Mueang ina maandishi yake, Tai Tham, herufi za mviringo zilizotumika kwenye vitabu vya majani ya mtende katika mahekalu ya Kibudha. Maandishi hayo yaliingizwa mwaka 2009 katika Unicode, orodha ya herufi zinazotambuliwa na kompyuta na simu, na siku hizi utayaona juu ya malango ya mahekalu ya Chiang Mai. Yanapendeza sana. Ila kijana wa Chiang Mai akimwandikia mwenzake kwenye simu kwamba chakula kilikuwa lam, anaandika kwa herufi za Kithai, kwa sababu ndizo anazozijua na ndizo zilizo kwenye kibodi yake. Tai Tham imeokolewa kama pambo na ibada. Lugha inaendelea na maisha yake kwa nguo za kuazima.

Huko Khon Kaen, kaskazini-mashariki, chuo kikuu cha mji huo kiliendesha kuanzia 2012 mpango wa miaka 4 wa kuhifadhi utamaduni wa Isan kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Kiisan kilifundishwa katika shule za manispaa 4, na ndani ya chuo vikawekwa vibao vya lugha tatu, Kiisan kikiandikwa kwa herufi za kale za Tai Noi. Nakipenda kibao hicho, ingawa wanaoweza kukisoma ni wachache. Kibao kinachosomwa na wachache bado kinamwambia kila apitaye kwamba lugha yake iliwahi kuwa na kalamu.

Kwa hiyo kama mnachagua herufi, ulizeni nani atakayeandika kila siku. Kama ni vijana kwenye simu, herufi za lugha kubwa zitashinda mtake msitake, na ni heri tahajia ipatane nazo mapema. Kama jamii yenu ina maandishi ya kale ambayo wazee bado wanayasoma, msiyaache nje ya mkutano wa kwanza. Mkiyaleta mkutano wa tatu kama nyongeza, mtakuwa mmeshapoteza watu. Patani ndivyo walivyojifunza: Kimalay sanifu na maandishi yake vikapewa nafasi katika madarasa ya juu.

Kinasa sauti

Kuna wakati hakuna darasa la kujaza. Wagong, ambao pia huitwa Ugong, wanaishi katika vijiji vichache vya Suphan Buri na Uthai Thani. Walikuwepo Kanchanaburi pia, kando ya mto Khwae, mpaka maji ya mabwawa ya umeme yalipofunika vijiji na watu wakatawanywa. Mwanaisimu David Bradley alianza kuifuatilia lugha yao miaka ya 1970, na tangu wakati ule watoto walikuwa wameshaanza kuiacha. Kwa lugha ya namna hii, mpango wa chekechea ni ndoto ya mchana. Kinachowezekana ni kurekodi, na kurekodi kuna haraka ambayo vikao havina.

Wapo wanaodharau njia hii. Husema ni kuweka maiti kwenye barafu. Nami niliwahi kufikiri hivyo, hadi niliposoma habari za Wanyah Kur wa Chaiyaphum na mikoa jirani. Wathai waliwaita chao bon, watu wa mlimani, kwa maana ya washamba. Mwaka 1984 mwanaisimu Gérard Diffloth alionyesha kwamba lugha yao ndiyo ndugu wa karibu wa Kimon, lugha ya Wamon wa Myanmar na Thailand, na kwamba asili yake ni lugha ya Dvaravati, utamaduni wa miji uliostawi katika Thailand ya kati zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kabla Kithai hakijatawala bonde lile. Maneno ya jikoni ya watu waliodharauliwa yakawa ufunguo wa kuelewa maandishi ya mawe. Bila mtu wa kuyakusanya maneno hayo, ufunguo ungepotea na hakuna ambaye angejua kwamba kulikuwa na kufuli.

Wamaniq ni mfano mwingine. Utafiti wa Ewelina Wnuk na Asifa Majid uliotoka 2014 ulionyesha kwamba Kimaniq kina maneno kama 15 ya harufu tu, yasiyokopwa kutoka kwenye jina la kitu. Sisi tukitaka kueleza harufu husema inanuka kama samaki, kama moshi, kama ubani. Mmaniq ana neno la sifa yenyewe, na neno hilo hutumika kwa vitu vingi tofauti vinavyoshiriki harufu hiyo. Kamusi ya kawaida, ya neno hili ni hili, isingelinasa jambo kama hilo. Lilinaswa kwa sababu watu walikaa msituni wakauliza, wakanusa, wakauliza tena.

Hilo ndilo la kuzingatia ukichagua njia hii. Orodha ya maneno 1,000 yenye tafsiri ni rahisi kutengeneza, na ndiyo rekodi dhaifu kuliko zote. Rekodi watu wawili wakibishana kuhusu bei. Rekodi bibi akimkaripia mjukuu. Rekodi mtu akieleza jinsi ya kutega mtego huku akiutega. Kusema kweli, simu ya kawaida yenye maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola inatosha. Kinachokwamisha kazi kwa kawaida ni nani atakayeandika chini yaliyosemwa. Saa moja ya mazungumzo hula siku nyingi za kunukuu, na aliye na ujuzi wa kufanya hivyo mara nyingi ndiye yule yule mzee anayerekodiwa.

Bahari bila darasa

Njia ya nne haina jina, na katika mikutano huwa haipigiwi kura. Wamoken ni mabaharia wa Bahari ya Andaman, waliokuwa wakiishi miezi mingi ya mwaka ndani ya mashua zao, kabang. Tarehe 26 Desemba 2004, maji yalipovutwa nyuma kwa ghafla katika visiwa vya Surin, wazee walilitambua jambo hilo kwa jina: laboon, wimbi la hadithi linalokula watu. Watu wakakimbilia kilimani. Kijiji kilifutika, lakini karibu wote waliokoka, siku ambayo mawimbi yale yale yaliua watu hadi pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania.

Neno laboon halikuhifadhiwa na shule wala kamusi. Lilihifadhiwa na kazi: watu waliokuwa bado wanaishi kwa bahari walikuwa na sababu ya kusimulia habari zake. Sasa visiwa hivyo ni hifadhi ya taifa tangu 1981, kukata miti mikubwa ya kuchongea kabang kumezuiwa, na mashua hizo zimekuwa adimu. Wamoken wengi wamepewa jina moja la ukoo, Klathale, lenye maana ya shujaa wa bahari, huku watoto wakilelewa nchi kavu na kusoma Kithai. Mashua isipojengwa, majina ya sehemu zake yanakosa mtu wa kuyahitaji, na hakuna kipindi cha Kimoken kitakachoyarudisha. Kwa jamii ya namna hii, anayetetea kibali cha mti mmoja wa mashua kila mwaka anaifanyia lugha kazi kubwa kuliko anayechapisha kitabu cha alfabeti. Wavuvi na wafugaji wanaosoma hapa watanielewa.

Ukishajua ulipo

Kabla ya mkutano wenu, fanyeni kazi moja: tafuteni mtu mdogo kuliko wote kijijini anayeweza kusimulia jana alifanya nini, kwa kilugha, bila kuchanganya. Andikeni umri wake.

Akiwa na miaka 5, fuateni Patani na muanze kuandika barua za kuomba kibali, maana kibali ndicho kitakachochelewa. Serikali ya Thailand ilisaini sera ya taifa ya lugha mwaka 2010, iliyokubali kwamba lugha ndogo zisaidiwe, na mwalimu mkuu wa shule ya msituni anaweza akawa hajawahi kuiona. Kwa hiyo sera ikiwepo kwenu, ichapeni, mwende nayo mkononi.

Akiwa na miaka 25, shule peke yake haitawafaa, kwa sababu huyo ndiye mzazi wa kesho na uamuzi uko kwake, nyumbani kwake. Tumieni kipindi cha Wachong kumwondolea aibu, lakini fedha kubwa ipelekeni pale alipo: wimbo, redio ya mtaa, vichekesho kwenye simu, chochote kitakachomfanya amsemeshe mwanawe akiwa bado mchanga. Tahajia iwe ya haraka na ya herufi anazozijua.

Akiwa na miaka 60, achaneni na mjadala wa herufi kwa sasa. Nunueni maikrofoni mbili, mtafuteni kijana mmoja mwenye subira, mumlipe kama mnavyomlipa fundi, akae na mzee huyo asubuhi tatu kila wiki. Mzee achague yeye mada. Faili ziwekwe mahali pawili tofauti, na jina la kila anayesikika liandikwe siku ile ile, kwa sababu baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka ni nani aliyekuwa akicheka pembeni.